Kinachozishika Seli Pamoja

Mwaka 1974 kijana wa Kijapani, Masatoshi Takeichi, alitoka Chuo Kikuu cha Kyoto akaenda Baltimore, Marekani, kufanya kazi katika idara ya embriolojia ya Taasisi ya Carnegie. Alikwenda na jaribio alilokuwa akilijua kama mpishi anavyoujua wali wake. Unachukua seli zilizokuzwa kwenye kisahani, unazimwagia tripsini, kimeng'enya kinachokatakata protini. Seli zinabanduka na kuachana, kila moja inabaki peke yake. Unaziosha, unazitia kwenye chupa, unaitikisa taratibu katika joto la mwili, na baada ya muda mfupi zinaanza kugusana na kushikana tena mpaka vinatokea vibonge. Kyoto jaribio hilo halikuwa likimsumbua. Baltimore lilikataa. Alitikisa chupa, akangoja, akatazama kwenye hadubini: seli zilikuwa zikielea moja moja kama punje za mchele kwenye maji.

Mtu mwenye haraka angelaumu mkono wake, akaanza jambo jingine. Takeichi alirudi kwenye chupa za dawa akaangalia kilichochanganywa humo. Tripsini ya Baltimore ilikuwa na EDTA, kemikali inayonasa kalsiamu na kuiondoa kwenye maji. Ile aliyozoea Kyoto haikuwa na EDTA. Akayapanga majaribio upya, safari hii akiichunga kalsiamu kama mtu anayepima chumvi. Kalsiamu ikiwepo, tripsini ilikata protini nyingi zilizo juu ya seli lakini kuna moja iliyosalimika, na seli zilizobaki nayo zilishikana. Kalsiamu ikiondolewa, protini hiyo nayo ililiwa, na seli zikawa kama zimesahau kushikana. Aliyaeleza hayo katika makala ya mwaka 1977. Protini yenyewe ilikuwa bado haina jina.

Nimeanza na chupa hiyo kwa sababu swali lililokuwa ndani yake ni kubwa kuliko linavyoonekana. Mwili wa mtu una matrilioni ya seli, na kati yake hakuna saruji. Ngozi ya kiwiko hukunjwa na kunyooshwa mchana kutwa. Tumbo hujaa na kuwa tupu, kibofu vilevile, na moyo hujiminya mara 100,000 hivi kwa siku. Seli za viungo hivyo zimesimama ubavu kwa ubavu, zinavutwa huku na huku, wala haziachani. Lakini kidole kikikatwa na kisu, seli hizohizo huachiana kwa kiasi, hutambaa juu ya jeraha, zikakutana katikati na kushikana tena. Kitu gani kinaweza kushika hivyo na kuachia hivyo?

Kalsiamu ilikuwa imekwisha kujitaja zamani. Mwaka 1882 daktari Sydney Ringer wa London aliripoti kwamba moyo wa chura uliotolewa mwilini uliendelea kupiga ndani ya maji ya chumvi. Baadaye aligundua kwamba maji yake hayakuwa yale aliyodhani. Msaidizi wake hakutumia maji yaliyokenekwa, alichota ya bomba, na maji ya bomba ya London yana kalsiamu. Maji yaliyokenekwa yalipotumiwa, moyo ulidhoofika na kusimama. Ringer hakulificha kosa. Mwaka 1883 alichapisha makala ya kujisahihisha, na makala hiyo ndiyo iliyomjengea jina. Mwaka 1900 Mjerumani Curt Herbst akaonyesha jambo la karibu na letu zaidi: kiinitete kichanga cha urchini wa baharini kikiwekwa kwenye maji ya bahari yasiyo na kalsiamu, seli zake huachana moja moja bila kufa. Kwa hiyo tangu mwanzo wa karne ya 20 ilijulikana kwamba mshiko wa seli unahitaji madini haya. Kwamba yanafanya nini hasa, hakuna aliyejua, na miaka zaidi ya 70 ilipita hivyo.

Katika miaka hiyo walitokea watu wawili ambao bila wao Takeichi asingekuwa na jaribio la kwenda nalo popote. Wa kwanza ni Henry Van Peters Wilson, profesa wa Chuo Kikuu cha North Carolina, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya uvuvi ya Beaufort, kwenye pwani ya Atlantiki. Mwaka 1907 alichukua sifongo hai wa rangi nyekundu, akamkata vipande, akavifunga kwenye kitambaa cha hariri kile ambacho wasaga nafaka huchekechea unga, akakikamua ndani ya bakuli la maji ya bahari. Wingu jekundu likatoka kwenye kitambaa na kutua chini kama vumbi. Vumbi hilo lilikuwa seli. Zikaanza kutambaa, zikagusana, zikafanya visiwa vidogo, visiwa vikaungana, na baada ya siku kadhaa bakuli lilikuwa na sifongo wadogo walio kamili, wenye matundu na mifereji yao. Alipochanganya seli za sifongo wa aina mbili tofauti, hazikuungana kuwa kiumbe kimoja. Leo tunajua kwamba seli za sifongo hushikana kwa molekuli za namna nyingine, zisizo zile alizozifuata Takeichi. Hata hivyo swali lililotoka kwenye kile kitambaa lilikuwa lilelile: seli inamtambuaje jirani yake?

Wa pili ni Johannes Holtfreter, aliyefundwa Freiburg na Hans Spemann. Alikuwa hodari wa mkono, mtu wa kukata viinitete vya salamanda na chura kwa vifaa vyembamba kama unywele. Mwaka 1939 aliandika kwamba tishu zina mapenzi yao: vipande vya kiinitete vikiwekwa pamoja, vingine huvutana na vingine hukataana, na tabia hiyo ndiyo inayosaidia mwili kupata umbo. Mwaka huohuo aliihama Ujerumani ya Hitler akaenda Uingereza. Vita vilipoanza, Waingereza walimwona ni Mjerumani tu, wakampeleka kizuizini Kanada. Kazi yake kubwa ilibidi ingoje. Mwaka 1955, akiwa Chuo Kikuu cha Rochester, yeye na mwanafunzi wake Philip Townes walichapisha majaribio ambayo mpaka leo hufundishwa. Walitenganisha seli za kiinitete cha chura na salamanda kwa maji yenye magadi, wakazikoroga kama mtu anayechanganya mtama na ulezi kwenye ungo, kisha wakarudisha maji ya kawaida. Seli zikashikana kuwa donge moja, zote zimechanganyika. Halafu, saa baada ya saa, zikaanza kujichambua. Seli za ngozi zikahamia nje. Zile ambazo zingekuwa ubongo zikaingia ndani. Kwa kuwa zilitofautiana rangi, ilionekana wazi kila aina inakokwenda. Hakuna aliyeziongoza. Kila seli ilikuwa ikishika, ikiachia, ikishika tena, mpaka imefika penye wenzake.

Neno hilo, kuachia, nadhani ndilo lililosomwa kwa haraka na wengi waliokuja baadaye. Watu walitafuta gundi, na gundi haiachii. Lakini bila kuachia, donge la Holtfreter lingebaki mchanganyiko ulivyomwagwa.

Kando ya wachambuaji hawa walikuwapo watazamaji. Katika karne ya 19 Mwitaliano Giulio Bizzozero alizitazama seli za ngozi na kuona zina miiba, na miiba ya seli mbili ikikutana ina kifundo katikati. Wengi waliamini kwamba hapo seli zimefunguka, kwamba uji wa seli moja unapita kwenda nyingine kama kwenye daraja. Mwaka 1920 Josef Schaffer alivipa vifundo hivyo jina la desmosomu, kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya kifungo na mwili. Daraja lilivunjwa na hadubini ya elektroni katika miaka ya 1950, Keith Porter akiwa miongoni mwa walioonyesha kwamba kila seli imefungwa ndani ya utando wake na kuna pengo kati ya jirani na jirani. Mwaka 1963 Marilyn Farquhar na George Palade, wa Taasisi ya Rockefeller, New York, walipitia tishu nyingi za panya na wanyama wengine, wakakuta mpangilio unaojirudia. Karibu na kilele cha seli kuna mkanda unaoziba kabisa pengo, maji yasipite ovyo. Chini yake kuna mkanda mwingine wenye pengo la nanomita 20 hivi, unaozishika seli. Chini zaidi kuna madoa ya desmosomu, yaliyotawanyika kama vifungo vya shati, kila doa limeshikiliwa kwa ndani na nyuzi ngumu za seli. Picha zao ni nzuri mno. Lakini kwenye lile pengo la mkanda wa pili hapakuonekana kitu, ukungu mwepesi tu, na humo ndimo mshiko ulimokuwa.

Takeichi alirudi Kyoto, kwenye maabara ya profesa Tokindo Okada, na kuanza kuuwinda ukungu huo kwa kingamwili. Mbinu yake ilikuwa ya subira. Unampa mnyama seli za kigeni, unakusanya kingamwili anazotengeneza, kisha unazijaribu moja baada ya nyingine mpaka upate ile inayozuia seli kushikana. Mwaka 1984 yeye na wenzake walipata kingamwili ya namna hiyo, na protini iliyonaswa nayo wakaiita kadherini, yaani kishikizi cha kalsiamu.

Hakuwa peke yake. Katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, Rolf Kemler, akiwa na kundi la François Jacob, alikuwa ameufikia mlango huohuo kwa njia nyingine. Kiinitete cha panya kikifika seli nane, kwanza seli hizo hukaa kama zabibu kwenye kichala, kila moja ina duara lake. Kisha katika saa chache hubanana, mipaka inafutika, na kichala kinakuwa tufe laini. Kingamwili ya Paris, iliyochapishwa mwaka 1977, ilizuia kubanana huko. Zabibu zikabaki zabibu. Protini hiyo wakaiita uvomorulini, kwa maneno ya Kilatini ya zabibu na forosadi. New York nako kundi la Gerald Edelman lilikuwa na jina lake kwa protini ya kuku. Baada ya mabishano ilibainika kwamba wote walikuwa wamemshika ndovu mmoja, huyu mkonga, huyu mkia. Jina la kadherini ndilo lililobaki.

Ushahidi usiopingika ulikuja mwaka 1987. Kuna seli za panya ziitwazo seli L, zilizokuzwa maabara tangu miaka ya 1940, ambazo hazishikani kabisa. Kundi la Kyoto lilizipa jeni moja tu, la kadherini E, ile inayopatikana kwenye tishu za kufunika kama utumbo na ngozi. Seli zilizokuwa zikitawanyika kila moja na njia yake zikasogeleana, zikabanana, zikafanya vishamba vilivyoshonana. Ukiondoa kalsiamu, zinaachana. Mwaka uliofuata walizipa baadhi kadherini E na nyingine ndugu yake, kadherini P, wakazichanganya. Zikajichambua. Kilichochukua kiinitete kizima cha salamanda mwaka 1955 sasa kilionekana kwenye seli zinazotofautiana kwa protini moja. Holtfreter alikuwa bado hai, mzee wa miaka 80 na zaidi.

Swali likahamia ndani ya seli. Kadherini inapenya utando na kuacha mkia upande wa ndani. Mkia huo umefungwa wapi? Mwaka 1989 Kemler, sasa akiwa Ujerumani, alieleza protini tatu zinazoushika, akaziita katenini, kwa neno la Kilatini la mnyororo. Kupitia kwao kadherini inaunganishwa na nyuzi za aktini, zilezile zinazoipa seli nguvu ya kujivuta. Hapa pana jambo linalonishangaza kila ninapolirudia. Mwaka 2014 watafiti wa Stanford waliushika mnyororo huo kwa miale ya leza na kuuvuta. Kamba ya kawaida ukiivuta zaidi inakaribia zaidi kukatika. Mnyororo wa katenini na aktini ulifanya kinyume: nguvu ilipoongezeka, mpaka kiwango fulani, uliendelea kushika kwa muda mrefu zaidi. Usipovutwa, ulijiachia upesi. Seli zinazotulia hazina haja ya kung'ang'aniana; zinazovutwa ndizo zinazokaza.

Umuhimu wa mshiko huu ulikuwa umekwisha kuandikwa kwenye makaburi ya familia moja ya Wamaori huko New Zealand. Kizazi baada ya kizazi walikufa kwa saratani ya tumbo, wengine vijana kabisa. Familia yenyewe iliwaendea watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago na kuomba sababu itafutwe. Mwaka 1998 Parry Guilford na wenzake walitangaza kwamba kasoro iko kwenye jeni la kadherini E, na kwenye orodha ya waandishi wa makala hiyo wamo wanafamilia. Seli za tumbo zikipoteza kadherini hiyo, saratani haifanyi uvimbe unaoonekana kwa urahisi. Hupenya moja moja ndani ya ukuta wa tumbo. Wenye kasoro hiyo sasa wanaweza kupimwa kabla ya ugonjwa, na wengi huamua kuondolewa tumbo wakiwa wazima. Ni uamuzi mzito, lakini umeokoa maisha katika ukoo uliokuwa umezoea kuzika.

Kadherini ikoje kwa umbo? Mwaka 1994 Kemler na wenzake waliitazama kwa hadubini ya elektroni, mara ikiwa kwenye kalsiamu na mara bila. Ndani ya kalsiamu zilikuwa fimbo nyembamba, urefu nanomita 22 hivi. Bila kalsiamu zilijikunja zikawa kama madonge. Mwaka uliofuata Lawrence Shapiro na wenzake huko New York walichapisha picha ya eksirei ya ncha ya kadherini iliyogandishwa kuwa fuwele, na mwaka 2002 ikaonekana sehemu yote ya nje, ya kadherini ya chura. Ifikirie kama muwa. Una pingili tano, na kati ya pingili na pingili kuna fundo. Kwenye kila fundo hukaa ioni tatu za kalsiamu, jumla 12. Zikiwepo, mafundo hukaza na muwa husimama, umepinda kidogo kama upinde. Zikiondoka, mafundo hulegea, muwa unalala, na tripsini inapata pa kuuma. Hiyo ndiyo siri ya chupa ya Baltimore, miaka karibu 20 baadaye.

Na mshiko wenyewe? Kwenye ncha ya pingili ya kwanza kuna asidi amino moja, triptofani, ya pili tangu mwanzo wa mnyororo. Mkono wake unaingia kwenye kijishimo cha kadherini iliyotoka seli ya pili, na kadherini hiyo nayo inautia wake kwenye kijishimo cha mwenzake. Wanabadilishana. Kwa kuwa kila kadherini inaweza pia kuuweka mkono kwenye kijishimo chake yenyewe, faida ya kubadilishana ni ndogo, na shikano moja ni dhaifu sana. Nguvu inatoka kwenye wingi, maelfu yakikaa safu moja. Ndiyo maana seli za Holtfreter ziliweza kuhama: kila shikano lilikuwa jepesi kufunguka, lakini yote kwa pamoja hayafunguki ovyo.

Mpaka hapa nimesema zaidi juu ya mkanda. Desmosomu, yale madoa yaliyo kama vifungo, ilibaki ngumu kueleweka, ingawa madaktari walikuwa wakiyaona maafa yake. Kuna ugonjwa uitwao pemfigasi. Malengelenge hutokea mdomoni na kwenye ngozi, yanapasuka, yanaacha nyama mbichi. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari Pyotr Nikolsky alieleza alama yake: weka kidole gumba kwenye ngozi inayoonekana nzima karibu na lengelenge, sukuma pembeni, na tabaka la juu linateleza kama ganda la nyanya iliyomwagiwa maji ya moto. Kabla ya dawa za steroidi kupatikana katika miaka ya 1950, wengi wa waliougua hawakupona. Mwaka 1964 Ernst Beutner na Robert Jordon waligundua kwamba damu ya wagonjwa ina kingamwili zinazong'ang'ania mipaka kati ya seli za ngozi. Mwaka 1991 Masayuki Amagai, akiwa Marekani na John Stanley, alikitambua kinacholengwa: protini ya desmosomu iitwayo desmogleini 3. Walipousoma mpangilio wake walikuta ni ndugu wa kadherini. Mwili wa mgonjwa ulikuwa ukitengeneza, dhidi ya ngozi yake yenyewe, silaha ya namna ileile ambayo Takeichi aliitengeneza maabara ili kuzitenganisha seli.

Moyo nao una desmosomu. Katika kisiwa cha Naxos, Ugiriki, daktari Nikos Protonotarios na wenzake waliripoti mwaka 1986 familia zenye watu wa nywele za kipilipili zisizo za kawaida kwa ukoo wao, ngozi nene viganjani na nyayoni, na mapigo ya moyo yanayovurugika mpaka kuua. Mwaka 2000 kasoro ilipatikana kwenye plakoglobini, protini inayoifunga desmosomu kwa ndani. Kiganja, unyayo na moyo: sehemu zinazofanyishwa kazi zaidi ya nyingine ndizo zilizofunguka.

Kitu chenye nguvu hivyo, watafiti walitegemea kukuta kimepangwa kwa ukali, mstari kwa mstari, kama matofali. Mwaka 2003 kundi la David Stokes la New York lilipiga picha za ngozi ya panya kwa kuizungusha chini ya hadubini ya elektroni na kuijenga upya katika pande tatu. Walikuta vifundo, kadherini zimesokotana kwa namna mbalimbali. Mwaka 2007 Ashraf Al-Amoudi, Achilleas Frangakis na wenzao huko Heidelberg waliigandisha ngozi ya mtu kwa kasi kiasi kwamba maji hayakupata nafasi ya kufanya barafu, wakaikata vipande vyembamba, na wao wakaona mpangilio wenye utaratibu. Makundi mawili mazuri, picha mbili nzuri, na picha hazifanani.

Jibu lililonishawishi lilitoka Manchester mwaka 2015. David Garrod, aliyekuwa ameitafiti desmosomu kwa miongo kadhaa, na wenzake, Clair Baldock akiwa mmojawao, waliipima desmogleini 2 ikiwa majini, haijagandishwa wala kufanywa fuwele. Kalsiamu ilikuwapo, mafundo yote yamejaa. Hata hivyo protini ilikuwa ikipinda. Fimbo ya kadherini ya mkanda husimama. Ya desmosomu inacheza, na kwa wastani ni fupi zaidi. Kiungo kigumu kuliko vyote mwilini kimejengwa kwa vipande vinavyonyumbuka kuliko vya jirani yake.

Mtu wa pwani hapaswi kushangaa sana. Mafundi wa Lamu walioshona mitepe kwa kamba za nazi, bila msumari hata mmoja, walijua kwamba ubao ulioshonwa hucheza, na chombo kikigonga fungu hakipasuki upesi. Lakini kulijua jambo kwenye mbao si kuliona kwenye molekuli zenye urefu wa nanomita 20.

Mwaka 2020 kundi la Frankfurt, Mateusz Sikora akiwa mbele, pamoja na Frangakis na Gerhard Hummer, lilirudi kwenye picha za tishu iliyogandishwa. Safari hii kadherini moja moja zilionekana. Zilitofautiana umbo, zilitofautiana nafasi, ziliinama kwenye utando kwa pembe tofauti. Walipojaribu kupata wastani wa picha zote, ukali uliishia nanomita 2.6, kwa sababu kitu wanachokitazama hakitulii katika umbo moja. Wangeweza kuliita hilo kushindwa. Badala yake walijenga desmosomu nyingi ndani ya kompyuta, atomu kwa atomu, wakaziacha zitikisike kama zinavyotikisika kwenye joto, kisha wakachuja ni mpangilio upi unaokubaliana na picha. Uliobaki ulifanana na kenchi za paa: nguzo zilizoegemeana kwa mshazari, kila moja ikiibeba nyingine, na nafasi kati yake.

Garrod alikuwa amekwisha kuonyesha upande mwingine wa jambo hili miaka mingi kabla. Desmosomu iliyokomaa, ya ngozi au ya seli zilizojaa kisahani kwa siku kadhaa, haihitaji tena kalsiamu ya nje, imefunga kweli. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2000, kundi lake lilikuza seli za figo ya mbwa mpaka zikafika hali hiyo, likakwaruza tabaka la seli hizo na kuacha mstari mtupu katikati. Seli za ukingoni zikarudi upesi kwenye mshiko ule mlegevu, ule unaofunguka kalsiamu ikiondolewa. Halafu jirani zao wakafanya hivyo, na jirani za jirani, safu baada ya safu, mpaka mamia ya mikromita kutoka kwenye mkwaruzo, mahali ambapo hakuna seli hata moja iliyoguswa.